Paka wangu nusura afe baada ya chanjo, na kliniki inagoma hata kunitajia dawa waliyomchoma

Wakuu, salamu. Nina hasira na sitajifanya sina.

Paka wangu Chausiku, jike wa kienyeji wa mwaka mmoja na kidogo, alipelekwa kuchanjwa Jumamosi akiwa mzima kabisa. Anakula, anafukuza mijusi, analala juu ya friji. Siku hiyo hiyo jioni alikuwa kwenye dripu. Mwili wa kiumbe yeyote unaweza kuikataa dawa, hilo nalijua na ningelipokea. Kinachonichoma ni jinsi kliniki iliyomchanja ilivyotutendea baada ya hapo. Mpaka naandika hapa, hawajaniambia ni dawa gani iliingia mwilini mwa mnyama wangu.

Nieleweke mapema: sipingi chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, iwe kwa mtu au kwa mnyama, na duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao huku kwetu Afrika na kule Asia. Anayetaka kuandika "ndiyo maana mimi sichanji" apite tu, huu si uzi wake.

Ilikuwa hivi. Tulipokelewa na kijana mwenye koti jeupe. Hakumpima joto, hakumsikiliza kifua, hakuuliza kama paka amewahi kuchanjwa wala kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Sindano zilikuwa zimeshavutwa dawa, zimelala kwenye trei ya chuma, bila kichupa hata kimoja pembeni. Akamkamata ngozi ya shingo, akachoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote pale pale kati ya mabega. Nilipouliza ni za nini akajibu, "Kichaa, ile ya tatu kwa moja, na vitamini ya kumchangamsha." Hiyo ya tatu kwa moja ni chanjo moja inayokinga magonjwa matatu ya paka. Akamalizia na kidonge cha minyoo. Nikamuuliza kama tukae kidogo tumwangalie. "Dada, nenda tu nyumbani, akilala usishangae." Nje kulikuwa na foleni.

Hata saa moja haikuisha. Alianza kwa kusugua uso kwenye zulia kama mtu aliyeingiwa na pilipili machoni. Akatapika chakula, akatapika povu, akaharisha pale pale alipolala, paka ambaye akiwa mzima hata mkojo wake anaufukia. Midomo ikavimba. Nilipomwinua mdomo wa juu nikakuta fizi zake, ambazo siku zote ni za waridi, zimepauka hadi kukaribia kijivu. Kisha akafungua mdomo akaanza kuhema. Wenye paka mnaelewa. Mbwa akihema kwa mdomo mara nyingi ni joto au mbio. Paka akihema kwa mdomo, ondoka naye hapo hapo.

Nikapiga simu kliniki. Dada wa mapokezi akasema daktari ametoka, nimpe maziwa yapoze dawa. Nikamwambia hapumui vizuri. Akanijibu paka ana roho saba, ataamka tu. Nilipopiga tena, simu ikaita mpaka ikakatika. Nimwambie nini mtu wa namna hiyo? Umechoma mnyama sindano tatu asubuhi, mwenye mnyama anakupigia analia mchana, na jibu lako ni maziwa!

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye nia njema kabisa, alikuja na nusu kidonge cha Panadol. Nilikataa, na naomba kila mwenye paka asome hapa: PANADOL INAUA PAKA. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu linavyofanya, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na hata kidonge kimoja kinaweza kummaliza. Najua majumbani mwetu ndiyo dawa ya kwanza kukimbiliwa. Kwa paka ni sumu.

Bajaji ikatufikisha kliniki nyingine. Daktari wa pale hakuanza na habari ya hela. Adrenalini, oksijeni, dripu, sindano ya steroidi, mmoja wao kakaa naye anahesabu pumzi na kuandika kwenye karatasi kila baada ya muda. Taratibu fizi zikaanza kurudi rangi. Alipotulia ndipo daktari akanieleza: inaonekana ni mzio mkali wa ghafla, ule unaoweza kumpata mnyama ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa baada ya chanjo, na kwa paka mara nyingi hushambulia mapafu na tumbo, ndiyo maana ya kuhema na kutapika. Akasema "nashuku". Hakusema "nina uhakika". Nilimheshimu kwa hilo. Kisha akaniomba kadi ya chanjo ili aone alichomwa nini.

Hiyo kadi ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Imeandikwa kwa peni ya bluu neno "Chanjo", tarehe, na sahihi isiyosomeka. Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna mtengenezaji, hakuna namba ya toleo inayoonyesha dawa ilitengenezwa katika kundi lipi, hakuna tarehe ya kuisha muda. Vichupa vingi vya chanjo za wanyama vinakuja na stika inayobanduka, na imewekwa pale ili ibandikwe kwenye kadi. Ni kazi ya sekunde tano. Daktari wa pili aligeuza kadi nyuma, akaigeuza tena mbele, akanirudishia bila kusema kitu.

Nikarudi kliniki ya kwanza, safari hii nikakutana na daktari mwenye kliniki. Kabla sijamaliza kueleza: "Si chanjo hiyo mama, paka alikuja na ugonjwa wake." Nikamuuliza, ugonjwa gani, na kwa nini mlimchanja mgonjwa? Na mlijuaje, wakati hakupimwa hata joto? Akabadilisha, huenda alikula kitu nyumbani. Nikamwomba aniandikie majina ya dawa na namba za matoleo. Vichupa vimeshatupwa. Basi nionyeshe daftari mnaloandika. Rekodi ni za ndani ya ofisi. Nilipozidi kuuliza akaniambia nataka kumharibia biashara.

Wakuu, mimi sikwenda kudai akiri kwamba chanjo ndiyo chanzo. Sikudai hata hela, ingawa matibabu ya siku ile yaligharimu mara kadhaa ya ile chanjo. Nilidai maandishi. Mnyama wangu alichomwa nini, kiasi gani, kutoka toleo lipi, na kwamba baada ya hapo alipata shida hii na hii. Yeye aandike kwamba anaona si chanjo, sawa, lakini aandike!

Sababu ni hizi. Nimejisomea sana tangu siku ile. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliofuatilia paka karibu nusu milioni waliochanjwa. Waliopata madhara ndani ya siku 30 walikuwa takriban 52 katika kila 10,000, na wengi wao ni kuzubaa tu au kuvimba palipochomwa. Kwa hiyo daktari angeniambia kwamba kilichompata Chausiku ni nadra, ningemkubalia kabisa. Lakini utafiti huo huo ulionyesha hatari inapanda kadiri chanjo nyingi zinavyochomwa kwa mkupuo mmoja, na kwamba paka wa umri wa mwaka mmoja hivi ndio waliopata madhara zaidi. Chausiku ana mwaka mmoja na alichomwa sindano tatu kwa pamoja, mbili kati yake za chanjo. Na hayo yote yamejulikana kwa sababu kliniki zile ziliandika kila kitu. Huku kwetu tutajuaje kama chanjo fulani ina shida, ikiwa kila anayelalamika anaambiwa paka wake alikula kitu?

Na hiyo vitamini ilikuwa ya nini kwa paka asiyeumwa? Sasa hakuna anayeweza kusema kilichomdhuru ni chanjo ya kichaa, ile ya tatu kwa moja, vitamini au dawa ya minyoo. Wamezichanganya zote siku moja, na namba hawatoi.

Kuna lingine linaloniudhi zaidi kila nikilifikiria. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ile ya tatu kwa moja kwa kawaida ni unga mkavu unaochanganywa na maji yake wakati wa kuchoma na kutumika muda mfupi baadaye. Sindano zilizolala kwenye trei tangu saa ngapi? Chanjo iliyoharibika kwa joto kwa kawaida haigeuki sumu, ila haikingi. Maana yake inawezekana kabisa paka wangu amepitia mateso yote yale na bado hana kinga ya kichaa.

Halafu uvimbe. Pale kati ya mabega sasa pana kinundu, ukipapasa unakisikia kigumu chini ya ngozi. Daktari wa pili kasema vinundu vingi vya hivyo huisha vyenyewe, ila nikiangalie, kwa sababu paka wachache sana hupata saratani mahali palipochomwa sindano. Kipimo alichonipa nakiweka hapa kiwasaidie na wengine: kikidumu zaidi ya miezi mitatu, au kikizidi sentimita mbili, au kikiendelea kukua mwezi mmoja baada ya sindano, kikatwe kipande kikapimwe. Jambo hilo lilianza kuandikwa Marekani mwaka 1991, na ndiyo sababu madaktari wa paka wa huko wanashauri chanjo ichomwe chini kwenye miguu, ya kichaa mguu wa nyuma wa kulia, na isichomwe kati ya mabega. Likitokea baya mguuni, mguu unaweza kukatwa paka akaishi. Kati ya mabega utakata nini?

Kuna watu wataniambia niachane nayo, ni paka tu. Nilishaambiwa hivyo, tena na ndugu. Huyo paka nimemwokota mtaroni akiwa hajafungua macho vizuri, nikamnywesha kwa bomba la sindano. Kwangu si "paka tu". Na hata kama kwako ni paka tu, kliniki ile ile inachanja mbwa wanaolinda nyumba zenu na kucheza na watoto wenu, kwa trei ile ile na kadi zile zile.

Nchi yetu Tanzania ina sheria. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari, linalosajili madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi na kusimamia mwenendo wao. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nao husimamia dawa, za binadamu na za mifugo. Naandika barua kwa wote wawili, nikiambatanisha picha ya kadi, maelezo ya daktari wa pili na picha za video za Chausiku akihema. Nataka wajue pia yule kijana wa koti jeupe ni nani, maana mpaka leo sijui kama ni daktari, mtaalamu msaidizi au mtu tu aliyevaa koti.

Kwa madaktari wa mifugo mliomo humu, nina swali moja la dhati. Daktari wa pili amesema ile ya tatu kwa moja asirudiwe hivi karibuni, lakini kichaa ni suala jingine, na mtaa wetu una mbwa wengi wanaozurura. Je, kwa paka aliyewahi kupata mzio wa namna hii, kuna mliowahi kumchanja tena kichaa peke yake, akiwa amelazwa kliniki siku nzima na adrenalini iko mezani? Aliendeleaje? Naomba majibu ya wenye uzoefu, si ya kukisia.

Na wengine wote mliochanja paka au mbwa mwaka huu, angalieni kadi zenu kama zina stika au namba ya toleo, mniandikie hapa mlichokikuta. Nataka niambatanishe na majibu yenu.

Msinifuate inboksi kuuliza jina la kliniki, silitaji humu. Liko kwenye barua.