Familia ya Barabara ya 12, Ngamiani 🏠

ALHAMISI

Da Mwana 06:12
Asalaam alaykum. Nimefika Dar usiku lakini usingizi sijaupata kwa nilichokiona kwa Mama. Kila mtu asome mpaka mwisho, msinipe dole gumba halafu mkapotea.

Da Mwana 06:13
📷 Picha 3

Da Mwana 06:16
Ya kwanza ni plagi ya ekstensheni ya friza. Tazameni mguu wa kulia, plastiki imebabuka imekuwa rangi ya sukari guru. Nimeichomoa kwa kanga, haishikiki. Ya pili ni ekstensheni yenyewe inayotoka sebuleni kupita chini ya mlango wa stoo. Mlango ukifungwa unaikanyaga. Ya tatu ni pale ilipoishia: juu ya gunia la mkaa, kando ya mtungi wa gesi.

Da Mwana 06:17
Stoo inataka soketi yake. Jumamosi hii hii.

Mama Nasra 07:40
Waalaykum salaam. Subhanallah, na mimi juzi nilisikia harufu nikadhani ni jirani anachoma taka

Kaka Hemedi 08:05
Friza ihamishiwe sebuleni. Haina gharama.

Da Mwana 08:06
Kaka, wanunua barafu wanaingilia mlango wa uani, na stoo iko hapo hapo. Unataka wapite sebuleni mpaka saa nne usiku? Hili tulishalimaliza Idi.

Kaka Hemedi 08:09
Mlilimaliza ninyi.

Salimu 08:31
Shikamooni wote. Mama mkubwa, friza yenyewe haina kosa, haili umeme mwingi. Ila ekstensheni ile ile Bibi anachomeka birika na pasi. Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampia 13, kwa volti 230 ni kama wati 3,000. Birika peke yake linakula wati 2,000, pasi elfu moja na ushee. Na soketi ya sebuleni imelegea, pini zinacheza ndani. Hapo panapocheza ndipo panapochemka

Mama Nasra 08:33
Mwanangu huyo 😍 Chuo cha ufundi VETA hakikula ada bure

Da Mwana 08:35
Sikiliza Salimu. Yule fundi wa mwezi wa Ramadhani alisema avute kwenye taa ya stoo, elfu 25 amemaliza. Unasemaje?

Salimu 08:44
Hapana kabisa. Laini ya taa ni waya mwembamba wa 1.5, soketi inataka mnene wa 2.5. Na pale nilifungua swichi, kuna waya mbili tu, nyekundu na nyeusi, za zamani. Ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hakuna. Ukifunga soketi hapo itakuwa na matundu matatu kwa mbele, nyuma lile la juu halijaunganishwa na kitu. Bodi ya nje ya friza ikipata umeme, njia ya kwenda ardhini ni mwili wa anayefungua mfuniko. Na Bibi anafungua mikono imelowa, miguu peku kwenye sakafu ya saruji

Da Mwana 08:45
Mmesoma hiyo? Miguu peku.

Juma Muscat 09:58
Salaam kutoka huku. Hapa ninapoishi soketi mpaka ndani ya makabati, wanachajia fagio la umeme humo humo wakafunga mlango. Mimi simu yangu inalala kabatini

Mama Nasra 10:01
Inalala kabatini ili shemeji asione nani anapiga saa sita usiku 😂😂

Juma Muscat 10:02
Nasra wewe 🤣 acha nile riziki yangu

Mama Nasra 10:02
Si ndiyo ile namba iliyoseviwa "Fundi Maji" 😂😂😂

Da Mwana 10:10
Jamani. Bei hii hapa, Salimu kaniulizia madukani. Waya 2.5 wenye ethi mita 20, 60,000. Soketi mbili 16,000. Breka ya ampia 20, 12,000. Ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, 50,000. Fimbo ya ethi na klampu yake 27,000. Trankingi ya kupitishia waya na skrubu 15,000. Ufundi 60,000, kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, si wa kuokota kijiweni. Jumla 240,000. Tuko sita, kila mmoja 40,000, kwangu, kabla ya kesho magharibi.

Da Mwana 10:11
Na msiniambie tuwaite TANESCO. Wao mwisho wao ni mita, ndani ni kwetu.

Kaka Hemedi 12:47
Kwako tena?

Da Mwana 12:48
Kwa nani mwingine?

Kaka Hemedi 12:52
Nauliza kwa sababu bati zilinunuliwa 40, juu ya paa ziko 34. Nilipanda mwenyewe nikahesabu. Miaka mitano sasa sijaambiwa sita zilikwenda wapi.

Mama Nasra 12:53
Mh

Da Mwana 12:55
Kaka, unajua zilikwenda wapi. Unataka niandike hapa mbele ya watoto?

Kaka Hemedi 12:56
Andika.

Juma Muscat 13:04
Jamani swala ya adhuhuri, tupoe

Mama Nasra 15:20
Nimepita kwa Mama sasa hivi. Ile plagi kaichomeka tena. Anasema barafu zinayeyuka na ana samaki wa watu

Da Mwana 15:21
Ya Rabi. Salimu, nenda mwanangu. Na mtungi wa gesi utoe stoo, uweke uani.

Salimu 15:26
Naenda. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na mota ya friza iko chini huko huko. Soketi tutaiweka usawa wa kiuno, na friza iachiwe nafasi ukutani ipumue

Shangazi Pangani 17:02
🎤 Ujumbe wa sauti 2:41

Mama Nasra 17:09
Shikamoo Shangazi. Jamani sikilizeni wote

Juma Muscat 17:30
Niko kazini siwezi kusikiliza, anasema nini?

Mama Nasra 17:38
Nayaandika kama alivyoyasema.

"Wanangu, nimesomewa yote. Mwaka 1998 marehemu baba yenu aliingia stoo usiku kubadili taa. Ikamtupa mpaka kwenye yale masufuria ya harusi. Mkono wa kushoto, vidole haviku­funga kifungo cha kanzu tena mpaka anakufa. Ijumaa nikiwapo mimi namfunga mimi, nisipokuwapo anafunga mama yenu. Ninyi mliambiwa baridi yabisi. Haikuwa baridi yabisi. Alikataza msiambiwe, mngeogopa kukaa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Sasa nimesema. Sitaki kusikia bati."

Da Mwana 18:40
Shikamoo Shangazi.

Da Mwana 18:41
Mimi nilikuwa namkandia ule mkono kwa mafuta ya mchaichai. Kila usiku. Miaka.

Salimu 18:55
Ni taa ile ile. Waya ni zile zile

Kaka Hemedi 21:16
Shikamoo Shangazi. Nimetuma 80,000, yangu na ya Mama. La bati lipo, tutakaa nikija.

IJUMAA

Da Mwana 11:05
Zimefika za Kaka, Nasra, na zangu. Bado 80,000. Juma? Bi Mdogo wa Korogwe, naona umesoma tangu jana.

Juma Muscat 22:48
Mshahara Jumapili inshallah. Nikopesheni

JUMAMOSI

Salimu 08:20
Tumefika na fundi. Meni swichi imezimwa. Kwenye bodi kuna nafasi moja ya breka, inatosha. Ila njia fupi inapita chumba cha mjomba Hemedi na kimefungwa. Ufunguo nani anao?

Kaka Hemedi 08:37
Yuko nao Mama.

Salimu 08:41
Bibi anasema uliondoka nao siku ya arobaini

Da Mwana 08:42
Basi pitisheni nje, ukuta wa uani, ndani ya bomba.

Salimu 08:46
Fundi anasema waya utafika mita 31 au 32, tumenunua 20. Na laini yenyewe ya taa anataka tuibadili leo leo, haijaguswa tangu nyumba ijengwe

Da Mwana 08:47
Ibadilishwe. Nitatafuta pesa. Kaka, angalia kwenye begi lile la kahawia.

Mama Nasra 09:15
Kaka umeona?

Mama 09:50
Asalaam alaykum wanangu. Fundi anakunywa chai. Friza nimeitoa umeme mwenyewe, samaki nimewapeleka kwa Bi Zena. Hemedi tafuta taratibu usigombane na mtu. Ile taa ya stoo Salimu ameitungua nimemwambia anipe mimi