Je, ndugu aliyejitoa uhai anaweza kuombewa Misa?

Muulizaji, Moshi
Tumsifu Yesu Kristo. Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu kihambani, yaani kwenye shamba la familia, mbali na kaburi la baba, kwa sababu wazee walisema kwamba aliyejitoa uhai amekufa katika dhambi ya mauti na hasomewi Misa. Kwa miezi mitatu hakuwa akilala; usiku tulimsikia akizunguka migombani, na chai aliyowekewa na mama ilipoa bila kuguswa. Je, Kanisa linafundisha hivyo kweli? Mama ameacha kwenda jumuiya, kusali na majirani Wakatoliki.

Katekista mstaafu, Arusha
Milele amina, na pole sana mwanangu. Wazee hawakuyatunga hayo: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1240, iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Neno hilo la kukusudia ndilo wengi walilolisahau, na Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, haiwataji kabisa. Kujiua kunabaki kosa zito, kwa maana uhai ni wa Mungu nasi ni watunzaji tu. Lakini ili dhambi iwe ya mauti, Katekisimu (namba 1857) inadai mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na aridhie kwa hiari kamili. Namba 2282 inakiri kwamba maradhi makubwa ya akili, uchungu au hofu kuu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa aliyejiua, na namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua Yeye peke yake. Mtu aliyezunguka migombani usiku kucha alikuwa amebakiwa na hiari kiasi gani? Mimi sijui, wala wazee hawajui. Nenda kwa paroko ukaandikishe nia ya Misa, ili kaka yako aombewe.

Mchangiaji, Arusha
Nakubali, ila nahofia vijana wakisikia hivi wataona jambo hili ni jepesi.

Muuguzi, Moshi
Ninaowahudumia wenye sonona huficha hali yao hasa kwa kuogopa kuhukumiwa. Anayejua kwamba atasikilizwa ndiye anayethubutu kusema mapema. Dada, mama asiachwe peke yake. Waombe wanajumuiya waje kusali rozari hapo nyumbani, na kama naye halali usiku, mpelekeni hospitali wiki hii hii.