Mistari yote kijani, lakini ripoti inanidai matawi 20. Msaada wakuu

Fundi wa Uyole: Wakuu, habari za humu. Nina programu ya Python ya kupimia viazi ghalani. Mistari 180, yote imepitiwa na majaribio, ripoti ya coverage (inayopima majaribio yamepita wapi) ikasema asilimia 100. Jana mkaguzi wa mteja kaja na ripoti yake: 92. Eti kuna matawi 60, yamepitiwa 40. Jumatatu natakiwa kujieleza. Hayo matawi yametoka wapi? Baridi lote hili natoka jasho.

Binti Tukuyu: Nimeingia mbio nikidhani ni matawi ya parachichi. Yangu nimepogolea juzi, mgongo hadi leo haunyooki.

Kompyuta Kabwe: Mkaguzi kawasha --branch, swichi ya kuhesabu matawi, yenyewe haijiwashi. Kila if ina njia mbili, hata usipoandika else, na kila njia ni tawi. Jumlisha 180 na 40, gawa kwa jumla ya 180 na 60: ndiyo asilimia 92 yako. Tuwekee mstari mmoja wa njano, yaani ambao tawi lake moja halijapitiwa.

Fundi wa Uyole: Umeandikwa 41->44. Wa 41: if kilo > 100. Wa 42: ziada = kilo - 100. Wa 44 unatoa ziada kwenye kilo, unakokotoa malipo.

Kompyuta Kabwe: Yaani hakuna jaribio lililowahi kuruka 41 mpaka 44. Umejaribu lumbesa tupu! Likija gunia la 98, ziada haipo, programu inakufa. Halijawahi kuja?

Fundi wa Uyole: Nataka niweke pragma: no cover hapo, ripoti isipahesabu, yaishe. Mbona wengi wanaweka.

Kompyuta Kabwe: Nimekuuliza gunia.

Fundi wa Uyole: Lilikuja. Programu iko kazini wiki ya tatu. Nimemwambia karani gunia dogo aandike 101. Mkulima analipwa 100, analalamika nini? Na hela ya kazi nimeshaezekea nyumba.

Mtoto wa Ilomba: Chai hii. Viazi Mbeya vimeanza lini kupimwa kwa kilo? Lumbesa hupimwa kwa macho na matusi.

Binti Tukuyu: Chai au si chai, ghala liko wapi? Nina magunia ya kilo 60.

Kompyuta Kabwe: 😂 Fundi, weka ziada = 0 juu ya 41, ongeza jaribio la gunia la 98. Pragma inalificha tawi kwenye ripoti tu, ghalani gunia litagoma vilevile.

Fundi wa Uyole: Nimeweka, jaribio limepita. Mbona bado 92?

Kompyuta Kabwe: Yamebaki 19. Lete mstari unaofuata. Na mpigie karani.