Nimerithi timu ya mtaa kwa mzee aliyependwa, sasa tunapigwa kila Jumapili. Moyes alikosea wapi hasa?

Kiungo Mkabaji (Umoja)

Wapenzi wa kabumbu, hamjambo. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kamati ya timu yetu inakaa na ajenda ni mimi.

Nimekuwa shabiki wa Man U (Manchester United) tangu darasa la sita. Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2014, nilikuwa kwa video hapa Umoja, saa kumi na mbili jioni, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao tukitazama Everton wakitupiga mbili bila pale Goodison Park. Baines kwa penalti, kisha Mirallas. Kule uwanjani, nyuma ya benchi la ufundi la timu yetu, shabiki mmoja wa Everton alikuwa amejivika joho jeusi la malaika wa mauti, mundu mkononi, akawa anamwelekezea kocha wetu David Moyes, aliyerithi kiti cha Alex Ferguson. Sisi wenye jezi nyekundu tukamshangilia yule wa mundu. Nilipanda juu ya benchi nikapaza sauti aondoke. Jumanne alipopigwa kalamu, miezi kumi tu ndani ya mkataba wa miaka sita, niliwanunulia watu watatu chai.

Sasa niko pale pale alipokuwa amesimama.

Mzee wetu aliifundisha timu hii miaka 19. Mwaka huu magoti yalimshinda. Siku ya kuaga alinishika mkono katikati ya uwanja, mbele ya vijana na wazazi wao, akasema huyu ndiye kocha wenu, msimame naye. Ferguson naye aliwaambia mashabiki hivyo hivyo akiaga uwanjani kwetu Old Trafford, Mei 2013, kwamba kazi yao sasa ni kusimama na kocha mpya. Nilipolikumbuka hilo usiku mmoja sikulala tena.

Mechi tisa: tumeshinda mbili, sare moja, sita tumepoteza. Karibu zote tunafungwa dakika ishirini za mwisho. Mzee huja kila Jumapili na kiti chake cha plastiki, anakaa nyuma ya goli la upande wa barabara, hasemi neno. Tukifungwa, uwanja mzima unageuka kumtazama yeye, halafu unanitazama mimi. Hata vijana wangu.

Je, nijiuzulu kabla ya kikao, au niombe muda hadi raundi ya pili iishe? Na ninyi mliomshuhudia Moyes, mkitazama nyuma leo, alikosea wapi? Nataka kujua kama ninarudia makosa yake.

Mwana wa Kariobangi

Jiuzulu, ndugu yangu. Moyes hakuiweza kazi ile, tusizunguke. Alikabidhiwa mabingwa waliochukua ligi kwa tofauti ya pointi 11, akawaacha nafasi ya saba. Everton walishinda Old Trafford kwa mara ya kwanza tangu 1992, Newcastle kwa mara ya kwanza tangu 1972. Swansea wakatutoa Kombe la FA nyumbani kwetu, Sunderland wakatutoa nusu fainali ya Kombe la Ligi kwa penalti. Liverpool tatu bila, City tatu bila, zote ndani ya mwezi mmoja wa Machi. Mtu wa kazi huonekana hata akiwa anapoteza. Kama moyo wako unakwambia huiwezi, toka na heshima yako.

Namba Nane wa Buruburu

Sikubaliani na Mwana wa Kariobangi hata kidogo, na mimi ni dada niliyelia siku ile ya Pasaka.

Moyes alipewa nyumba yenye paa linalovuja akaambiwa ni kasri. Scholes alikuwa ameshatundika njumu. Giggs alitimiza miaka 40 Novemba ile, Ferdinand 35, Vidic na Evra walikuwa wamepita 30. Mtendaji mkuu, David Gill, aliondoka majira yale yale aliyoondoka Ferguson, kwa hiyo aliyekuwa akitafuta wachezaji naye alikuwa mgeni kazini. Dirisha zima la usajili likaisha kwa jina moja kubwa tu, Fellaini, siku ya mwisho, pauni milioni 27.5. Mata alikuja Januari, maji yameshafika shingoni.

Na angalieni yaliyofuata. Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Rangnick, Ten Hag, Amorim. Msimu wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15 na pointi 42. Ile nafasi ya saba tuliyomfukuzia mtu ilikuwa na pointi 64. Huyo Moyes, Juni 2023 kule Prague, aliipa West Ham kombe la Ulaya la Conference League, Bowen akifunga dakika ya 90 dhidi ya Fiorentina. Nilimwona akimkimbilia baba yake jukwaani na medali, nikasema Mungu anisamehe kwa maneno yangu ya 2014.

Usijiuzulu. Nenda kwenye kikao na mpango ulioandikwa.

Mzee wa Ziwani

Mwanangu, salamu. Nimeangalia mpira tangu kabla hujazaliwa, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ferguson mwenyewe aliingia Novemba 1986, na Desemba 1989 mashabiki wake walimwinulia bango la kumuaga, kwamba miaka mitatu ya visingizio inatosha. Msimu ule alimaliza wa 13. Mei 1990 akachukua Kombe la FA na mengine mnayajua. Wenye timu walivumilia. Lakini si kila anayevumiliwa huwa Ferguson, nalo nalisema wazi ili usijidanganye.

Tuje nyumbani. Gor Mahia, au K'Ogalo, walikaa bila taji la ligi ya Kenya kuanzia 1995 hadi 2013, alipolirudisha Bobby Williamson, Mskoti kama Moyes. Mwaka uliofuata Williamson akaenda kuifundisha timu ya taifa, Harambee Stars, akaingia Mskoti mwingine, Frank Nuttall. Watu wa K'Ogalo tulikuwa na wasiwasi, mimi nikiwa mmoja wao. Mwaka 2015 Nuttall akachukua ligi bila kupoteza hata mechi moja. Kurithi kiti cha mtu mkubwa si laana.

Swali langu ni moja. Huyo mzee wa kiti cha plastiki, umewahi kwenda kukaa naye? Ukimya wake umeutafsiri wewe mwenyewe. Mpelekee chai, umuulize.

Beki wa Kushoto

Kocha, nina maswali mawili, lakini kwanza nikukumbushe mechi moja.

Tarehe 9 Februari 2014, Old Trafford, Fulham. Walikuwa mkiani mwa ligi. Sidwell akatufunga mapema, tukahangaika hadi dakika ya 78 van Persie akasawazisha, dakika ya 80 Carrick akaweka la pili. Nilikuwa kwa video Githurai, watu wasiojuana wanakumbatiana. Dakika ya 94 Darren Bent akasawazisha. Mwenye kibanda alizima dekoda na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani, tukabaki tunatazama kioo cheusi.

Siku ile tulipiga krosi 81. Themanini na moja. Yule beki wao mrefu, Dan Burn, aliziondoa kwa kichwa moja baada ya nyingine kama mtu anayefukuza kunguru shambani. Watu wakaandika kuhusu krosi wiki nzima. Mimi kilichoniuma na kinachoniuma hadi leo ni mtu aliyekuwa kwenye benchi la Fulham. Alikuwa kocha wao René Meulensteen, aliyekuwa kocha wa kikosi cha kwanza chini ya Ferguson.

Moyes alipoingia alikuja na watu wake wa Everton: Steve Round, Jimmy Lumsden, na Chris Woods wa makipa. Phelan, msaidizi wa Ferguson, akaondoka, Meulensteen akaondoka, Eric Steele wa makipa akaondoka. Ni kweli Giggs na Phil Neville waliingizwa benchi la ufundi, lakini wale watatu ndio waliokuwa wakiishi na wachezaji mazoezini kila siku. Ndio waliojua nani ukimkemea hununa wiki nzima, na nani usipomkemea hachezi. Moyes alianza kujifunza hayo upya, huku ligi inaendelea, huku dunia nzima inamwangalia. Ferdinand alikuja kusimulia kwamba hata chipsi walizozoea kula siku moja kabla ya mechi aliwaondolea. Chipsi! Utaona ni jambo dogo, lakini wachezaji waliochukua makombe yote kwa utaratibu ule walilibeba moyoni.

Sasa maswali yangu. Wasaidizi wa mzee wako wapi? Na vijana wako wanakula nini Jumapili kabla ya mechi? Timu inayofungwa dakika ishirini za mwisho kila wiki, mimi siulizi mfumo, naulizia sufuria.

Mwana wa Kariobangi

Hilo la Meulensteen nilikuwa nimelisahau. Tungoje jibu lake.

Kiungo Mkabaji (Umoja)

Beki wa Kushoto, nilisoma maswali yako nikiwa kwenye matatu nikitoka kazini, nikapitishwa steji yangu. Nitasema ukweli.

Mzee alikuwa na mama mmoja ambaye hapa mtaani tunamwita Mama wa Jezi. Hakuwa na cheo. Alifua jezi, Jumapili asubuhi alipika uji kwenye sufuria kubwa akauleta uwanjani kwa mkokoteni, na alikuwa na daftari la kurasa 96, jalada limeshikizwa kwa seloteipu. Ndani yake kila kijana ana ukurasa wake: saizi ya njumu, anatoka wapi kwa miguu, nani ana pumu, kwa nani hakupikwi hadi jioni. Niliwahi kuona ukurasa mmoja tu, wa winga wetu wa kushoto. Chini umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Huyu mpe vikombe viwili, usimuulize."

Nilipochukua timu nilimleta rafiki yangu mwenye cheti cha ukocha. Akasema uji unawajaza tumbo, wanywe maji tu kabla ya mechi. Nikakubali. Nikamwambia Mama apumzike, kazi hiyo sasa itafanywa kitaalamu. Ndilo neno nililotumia. Alifunga daftari, akalitia kwenye kiondo chake, akanitakia kila la heri. Msaidizi wa mzee naye aliacha kuja wiki ya pili na sikumpigia simu.

Yule winga sasa namtoa dakika ya 60 kila mechi kwa sababu anachoka. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake.

Mama Kipa

Mwanangu, mimi ni mama wa kipa wa timu ya mtaa mwingine, si huko kwenu. Wangu hutoka nyumbani saa nne asubuhi akiwa na glavu kwenye mfuko wa plastiki, mechi ni saa nane, anarudi saa kumi na mbili. Kuna Jumapili ninazoweza kumpa kitu na kuna Jumapili nisizoweza. Hawezi kumwambia kocha. Mtoto wa kiume wa miaka 16 atakwambia ameumia goti kabla hajakwambia ana njaa.

Nenda kwa huyo mama leo, usingoje kikao. Usiende mikono mitupu, beba unga wa wimbi. Omba msamaha kwanza, mengine yafuate. Na huyo winga pia muombe, mbele ya wenzake kama ulivyomwita.

Namba Nane wa Buruburu

Naongeza tu: rafiki yako mwenye cheti usimtupe nje ili kumfurahisha mtu. Utakuwa umerudia kosa lile lile kwa upande mwingine. Mwache afundishe mazoezi, na sufuria uiache kwa mwenyewe.

Mwana wa Kariobangi

Narudisha ushauri wangu wa kwanza. Usijiuzulu kabla hujafika kwa huyo mama.

Kiungo Mkabaji (Umoja)

Nimerudi, ni Ijumaa usiku.

Nilianza kwa mzee, kama alivyosema Mzee wa Ziwani. Nilimuuliza kwa nini hukaa nyuma ya goli lile. Akasema jua la alasiri linapiga pale vizuri, linampasha magoti. Hakuna jingine. Nilimuuliza kuhusu timu akaniambia amekuwa akingoja niulize, maana yeye alipoanza, aliyemtangulia alikuwa akimpigia kelele kutoka pembeni na aliapa hatamfanyia mtu hivyo. Tulikaa saa mbili. Amenipa namba ya msaidizi wake, nimempigia, atakuja Jumapili ila hajasema kama atarudi kabisa.

Kisha nikaenda kwa Mama. Nilimkuta nje anakaanga viazi karai, wateja wamezunguka. Nikangoja hadi wakaisha. Nilimuomba msamaha na sikutaja kikao, kwa sababu sikutaka aone nimeletwa na kikao. Alipokea unga, akaupima kwa mkono, akasema vijana ni ishirini na wawili, huu hautoshi. Halafu akaniuliza yule winga wa kushoto anafikaje uwanjani tangu wahame. Sikujua wamehama. Wako Njiru, wiki ya tatu hii, na nauli hana, anatembea. Mama alikuwa ameshaiandika kwenye daftari, ingawa nilimwachisha kazi miezi mitatu iliyopita.

Nimezungumza na kijana kwa simu. Lile la kumuomba radhi mbele ya wenzake nitalifanya Jumapili kabla hawajavaa.

Kikao ni kesho saa nne. Jezi nilimpelekea jioni hii, ziko kwenye karai lake sasa.