Mrejesho: ile transista ya feroelektriki iliyokuwa inakwama kwenye simulesheni

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini saketi yangu inagoma kwenye ngspice (programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta) kila volti ya geti inapogeuza mwelekeo, ikilalamika kwamba hatua ya muda imekuwa ndogo mno. Geti lina tabaka la hafnia (oksidi ya hafniamu) la nanomita 10; hilo ndilo feroelektriki, yaani hubaki na polarisheni (mpangilio wa chaji ndani yake) hata volti ikiondolewa.

Aliyesema mchawi ni ile "if" (sharti) kwenye msimbo wa modeli yangu alipatia. Nilikuwa na mikunjo miwili ya tanh (umbo la S) ya polarisheni dhidi ya volti, wa kupanda na wa kushuka, halafu "if" inachagua mmojawapo. Volti ikigeuka, polarisheni inaruka ghafla kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine, na programu inakata hatua ya muda mpaka inasalimu amri. Nimeitupa, nikaandika mlinganyo wa Landau-Khalatnikov, unaoeleza polarisheni inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, polarisheni ikiwa na nodi yake yenyewe kwenye saketi. Sasa inatembea mpaka mwisho.

Ila kulikuwa na aibu nyingine. Uga wa kugeuza (uga wa umeme unaotosha kugeuza polarisheni) niliuweka 1e6, nikasahau kwamba hiyo ni volti kwa sentimita, na unene nimeuandika kwa mita. Badala ya kugeuka kwenye volti 1, tabaka likawa linageuka kwenye 0.01. Siku mbili nimezipoteza hapo!

Kilichobaki ni kugeuka nusunusu: mlinganyo mmoja hugeuza tabaka lote kwa mkupuo. Nimeligawa vipande 20 sambamba, kila kimoja na uga wake tofauti kidogo. Vitanzi vidogo vya polarisheni dhidi ya volti, vinavyoonyesha kugeuka nusunusu, vimetokea vizuri, ila simulesheni imekuwa nzito kama kobe. Mwenye njia nyepesi anishtue.