Biotini ikipungua, kwa nini seli ya ini inafunga mlango?

Mwanafunzi_Bukavu
Wakubwa zangu, shikamooni. Kwa bakteria E. koli naelewa: biotini (vitamini B8 ya vitabu vyetu vya Kifaransa, B7 kwa wengine) ikipungua, protini BirA inaachia ADN na jeni za kutengeneza biotini zinaanza kazi. Kwa ini nasoma kinyume: biotini ikipungua, ARNm (nakala ya jeni ya kutengenezea protini) ya HLCS, kimeng'enya kinachobandika biotini kwenye protini, na ya SMVT, kisafirishaji kinachoiingiza kwenye seli, zinashuka. Njaa inaingia, na mwenye nyumba anafunga mlango? Tena mtoto mwenye HLCS mbovu anapataje nafuu kwa kumezeshwa biotini tu?

Biokimia_Lushi
Mdogo wangu, bakteria ana shamba lake, anaweza kulima zaidi. Mtu hatengenezi biotini. Kinachobaki ni kugawana kilichopo.

HLCS inaunganisha biotini na ATP, inatoka biotinili-AMP. Kisha inaibandika biotini kwenye lizini (asidi amino) ya vimeng'enya vitano viitwavyo karboksilazi: ya piruvati, ya propionili-CoA, ya metilikrotonili-CoA, na mbili za asetili-CoA. Lakini biotinili-AMP hiyohiyo ni ishara pia. Kupitia kimeng'enya guanilati siklazi, GMPc (molekuli ya kupeleka ishara) inapanda, kimeng'enya PKG (kinazi) kinaamka, na ARNm za HLCS, SMVT na karboksilazi zinaongezeka. Biotini ikikosekana, ishara inakatika. Seli zenye njaa ukizipa GMPc bila biotini, ARNm zinarudi. Hapo ndipo unaona kwamba ni ishara, siyo uchovu wa seli.

Kwa panya walionyimwa biotini, ARNm hizo zilishuka kwenye ini, ubongoni zikabaki palepale. Ini linajinyima ili ubongo upate, ndivyo ninavyolisoma jambo hili.

Mtoto uliyemtaja amenaswa kwenye mzunguko: HLCS dhaifu, biotinili-AMP kidogo, ishara hafifu, basi HLCS na SMVT zinapungua tena. Miligramu 10 hadi 20 za biotini kwa siku (mtu mzima mwenye afya anatosheka na mikrogramu 30 hadi 40) zinaulazimisha mzunguko ugeuke. Mabadiliko ya jeni yaliyoharibu mahali biotini inaposhika yanaitikia vizuri. Mengine yanaitikia nusunusu.

Labo_Goma
Naongeza jambo moja: usiupeleke mfano wa ini kwenye utumbo. Seli za utumbo zikikosa biotini, SMVT inapanda, na KLF4, protini inayoongoza jeni, inahusika. Mlango wa kuingilia mwilini unafunguliwa, wa ini unafungwa. SMVT inabeba pia asidi ya pantoteniki na ya lipoiki, kwa hiyo moja ikizidi sana inashindania nafasi na wenzake.

Ukitaka kulijaribu, hapa ndipo wengi wanakosea. DMEM ya kawaida (kimiminika cha kukuzia seli) haina biotini, lakini seramu ya ndama inayo. RPMI 1640, kimiminika kingine, inayo miligramu 0.2 kwa lita. Safisha seramu kwa dialisisi au avidini (protini inayonasa biotini), la sivyo hizo seli hazina njaa. Usipime siku inayofuata pia: biotini iliyokwisha kubandikwa inatoka protini inapovunjwa tu, halafu kimeng'enya biotinidazi kinairudisha kwenye mzunguko. Kwenye bloti ya streptavidini (nayo inanasa biotini, hivyo inaonyesha protini zilizobandikwa) tafuta bendi yenye uzito wa kDa 130 (piruvati) na zile za karibu na 75 (propionili na metilikrotonili). Zikibaki nzito kama za kontroli, rudi kwenye seramu.

Mwanafunzi_Bukavu
Asanti sana, nilikuwa natumia seramu isiyosafishwa. Swali la mwisho: mtoto akiwa kwenye dozi hiyo, vipimo vya damu vinaathirika?

Labo_Goma
Ndiyo, vile vinavyotumia streptavidini na biotini. TSH (homoni inayoichochea tezi ya shingo) inasoma chini kuliko ilivyo, T4 huru (homoni ya tezi hiyo) juu, na utadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Mtu anayemeza vidonge vya nywele vyenye biotini anaweza kuambiwa aviache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu. Mtoto huyo asiachishwe dawa hata siku moja kwa ajili ya kipimo: andikeni dozi kwenye bono ya labo, na damu ipimwe kwa njia isiyotumia streptavidini.