Matembezi yetu ya kila Oktoba yanafifia: tuyanusuru vipi?

Binti wa Bweni (Umoja):

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mmoja wa kundi la wanawake tuliosoma pamoja shule ya bweni na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 2003, wakati tarehe 20 Oktoba ingali inaitwa Siku ya Kenyatta. Tuliichagua siku hiyo ya kukutana kwa sababu ni sikukuu ya taifa na wengi huwa hawaendi kazini, na ilipogeuzwa kuwa Siku ya Mashujaa kufuatia Katiba ya 2010 tuliendelea nayo vilevile. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukikutana Arboretum, ile bustani ya miti jijini Nairobi, kila mmoja akija na chakula alichokipika, tukitandika leso chini ya miti na kuzungumza mpaka askari wa langoni aje kutuambia kwamba muda umekwisha. Baadaye mambo yalipanuka: tukakodi matatu kwenda Naivasha, tukaanza kulala hotelini, na mwaka jana tukashonesha hata fulana za kundi.

Wakati huohuo idadi yetu imepungua mno. Kwenye WhatsApp kila mtu huandika kwamba atajitahidi, lakini siku ya kulipa amana ikifika wanaotuma pesa ni walewale. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na ninapompigia mmoja mmoja simu nakuta upendo ungali palepale. Ningependa kusikia kutoka kwa wale ambao mikutano yao imedumu: mnapangaje tarehe, pesa na mahali, na je, ni busara turudi karibu na mji?

Mweka Hazina (Buruburu):

Dada, kabla hujafikiria mahali, tazama kwanza mchango. Nimekuwa mweka hazina wa wanaume tuliokulia mtaa mmoja hapa Eastlands, na miongoni mwetu yuko daktari na yuko mwenzetu anayeuza viatu vya mitumba Gikomba. Gharama yetu hupangwa kwa mfuko wa huyu wa pili. Mwenye uwezo zaidi anaruhusiwa kuongeza, ila hunitumia mimi moja kwa moja kwa M-Pesa, na hakuna anayejua nani alitoa kiasi gani.

Jambo ninalolikazania zaidi ni orodha. Sote tunaijua ile desturi ya kubandika majina kwenye kundi, kila jina na kiasi chake, na kistari kitupu mbele ya yule ambaye hajatuma, kisha orodha hiyo inasambazwa upya kila mtu mmoja anapolipa. Katika harambee ya hospitali au ya mazishi inafaa, kwa sababu kuna haraka na kuna hesabu ya kutoa. Katika mkutano wa marafiki inaumiza. Aliyeona kistari mbele ya jina lake asubuhi, mchana na jioni hunyamaza, na siku moja usiku utasoma kwamba ameondoka kwenye kundi. Sisi huanza kuchanga Februari, kidogo kidogo, na anayekosa mwezi mmoja hafuatwi.

Niliyerudi (Kahawa West):

Naomba nijibu kwa niaba ya wasiofika, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Kazi yangu ilikwisha wakati wa korona mwaka wa 2020, na amana waliyokuwa wakiitisha wenzangu ilikaribia kodi ya nyumba yangu ya mwezi. Sikuwa na namna ya kulisema hilo mbele ya watu wote, kwa hiyo kila mwaka nilisema nina safari.

Hata hivyo, Binti wa Bweni, pesa si kizuizi pekee. Ile nusu saa ya kwanza, kila anayekukumbatia anakuuliza siku hizi uko wapi, unafanya nini, una watoto wangapi. Kwa mwenye majibu mazuri hayo ni maamkizi tu. Kwa asiyekuwa nayo, ni kusailiwa mbele ya umati, na anaanza kuyaogopa wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Kilichonirudisha ni simu ya mwenzangu mmoja, ambaye hakutaja mchango hata kidogo. Aliniambia kwamba chapati zangu hakuna aliyezisahau, akaniomba nifike kwake alfajiri tukande unga pamoja. Nilienda nikiwa na kazi ya kufanya, mikono imejaa unga, na walipoanza kuwasili wengine sikuwa mgeni wa kuhojiwa. Wapigie wenzako namna hiyo, na kila mmoja umwombe kitu anachokiweza.

Mpenda Milima (Ngong):

Nakubaliana na waliotangulia, nami niongeze la mahali, kwa sababu Oktoba ina mambo yake. Mvua za vuli huanza katika mwezi huo na kuendelea hadi Desemba, na tarehe 20 iko pale ambapo huwezi kuliamini anga. Kwa Naivasha hili si jambo dogo. Wengi hupenda kuteremka kwenye korongo la Hell's Gate, na korongo hilo hupokea maji ya mvua iliyonyesha mbali, nanyi mkiwa chini mnaona jua. Vijana waliokuwa matembezini walisombwa humo Aprili 2012, na Septemba 2019 watu saba walipoteza maisha kwa namna hiyohiyo. Kundi lenye watu wa rika na afya tofauti lisipelekwe korongoni msimu wa mvua.

Longonot, yenye urefu wa mita 2,776, ni mlima mzuri, lakini huwagawa watu: wenye nguvu wanauzunguka ukingo wa kreta, na wenye magoti mabovu wanabaki chini wakilinda mikoba. Vilima vya Ngong vina shida hiyohiyo kwa kiasi kidogo, ingawa hata asiyepanda sana ataona Bonde la Ufa upande mmoja na Nairobi upande wa pili, na mitambo ya upepo ikizunguka juu yake.

Kwa mkutano ambao shabaha yake ni mazungumzo, mimi ningechagua Karura au Arboretum. Karura ina njia pana, maporomoko ya maji na mapango, na ni msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka wa 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi. Mimi siwezi kupita pale bila kuwashukuru. Arboretum, iliyoanzishwa 1907 kwa kujaribia miti ya kigeni, ina nyasi za kukalia na ni rahisi kufika kutoka katikati ya mji. Wenzetu walioko Marekani hututumia picha za majani mekundu mwezi huo. Sisi tuna mijakaranda, na Oktoba barabara nyingi za Nairobi huwa zambarau juu na chini. Kumbukeni tu kwamba tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za hifadhi, kwa hiyo bebeni maji kwenye chupa za kudumu na sahani za nyumbani. Vyakula vifunikeni vizuri, maana tumbili wa Arboretum hawaogopi watu.

Mama wa Mtahiniwa (Rongai):

Tarehe msiiguse. Mwaka huu mtoto wangu anafanya mtihani wa kidato cha nne, na kundi letu lilitaka kusogeza mkutano kwa ajili yangu, nikakataa. Ukiisogeza mara moja kwa ajili ya mmoja, mwaka ujao itatakiwa isogezwe kwa ajili ya mwingine, na hatimaye hakuna atakayejua ni lini.

Binti wa Bweni (Umoja):

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimesoma majibu haya pamoja na wenzangu wawili wa kamati, na tumekubaliana turudi Arboretum tarehe ileile, kila mtu na chakula chake, na wanaotaka Naivasha wapange safari yao siku nyingine bila kuiita mkutano wa kundi. Orodha ya michango tumeifuta leo. Tumegawana majina ya waliopotea ili kila mmoja apigiwe simu na aliyekuwa jirani yake bwenini, na kwa ushauri wa Niliyerudi tutaanza na yule aliyekuwa akitusuka nywele Jumamosi. Ndugu Mpenda Milima, mvua ikitukuta pale, je, kuna mahali pa kujikinga, au tubebe turubai?

Mpenda Milima (Ngong):

Bebeni turubai, na mfike mapema, kwani sikukuu hiyo watu huwa wengi na vivuli vizuri vinawahiwa asubuhi.